Gemu imekufungia kimyakimya, au ni mtandao? Utatuzi kwa wachezaji wa gemu za mapigano Mbeya, Iringa na jirani

Malalamiko ni yaleyale, uwe Mwanjelwa, Uyole, Kihesa au Makambako: "Hii akaunti wameifunga kimyakimya." Mtu anatafuta mechi ya Tekken 8 au Street Fighter 6, duara linazunguka, mpinzani hapatikani. Akipatikana, mechi inaganda. Mechi ikienda vizuri na akashinda, anayefuata ni mkali kupita kiasi. Mwisho anaamini kwamba kampuni imemtupa kwenye foleni ya siri ya wakosaji bila kumwambia.

Adhabu za aina hiyo zipo, na baadhi zimetangazwa na watengenezaji wenyewe. Lakini dalili nyingi zinazosikika kwenye vibanda vyetu vya gemu zinatokana na waya, laini ya simu, saa ya kucheza, au mpangilio mmoja uliosahaulika kwenye menyu. Aliyeshaamini kwamba amefungiwa hachunguzi tena. Anafungua akaunti mpya, anaacha nyuma kila alichonunua kwa pesa ya kudunduliza, na tatizo linamfuata hukohuko. Hilo linaniuma kuliko kufungiwa kwenyewe.

Soma dalili inayokuhusu, anza na sababu ya juu, kisha shuka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, cheza mechi chache, andika kilichotokea. Ukigusa mambo matano kwa mpigo, hata tatizo likiisha hutajua lilikuwa wapi, na likirudi utaanza upya.

Adhabu za kweli zinafananaje

Killer Instinct ya mwaka 2013 ilikuwa na jela: wenye mazoea ya kukimbia mechi walitengwa, wakawa wanakutana wao kwa wao. Nje ya gemu za mapigano, Max Payne 3 mwaka 2012 na Titanfall mwaka 2014 ziliwatenga wadanganyifu kwa njia hiyohiyo. Mortal Kombat X mwaka 2015 ilichagua aibu ya hadharani, mhusika wa aliyekimbia akawa analipuka kichwa mbele ya mwenzake. Street Fighter V ilipotoka Februari 2016 haikuwa na adhabu ya maana kwa wanaochomoa waya wakikaribia kushindwa, mpaka Capcom, kampuni inayoitengeneza, ikaanza kuwanyang'anya pointi waliozidi. Super Smash Bros. Ultimate humzuia kwa muda anayekatisha mechi.

Ukiziangalia zile za mapigano, kosa linaloadhibiwa ni moja kubwa: kutoka kabla mechi haijaisha. Sasa shika jambo hili, kwa sababu nusu ya matatizo ya huku kwetu yanaanzia hapo. Seva haioni uso wako. Haijui kama umechomoa waya kwa hasira, umeme umekatika mtaa mzima, au bando limeisha katikati ya raundi ya tatu. Inachokiona ni kwamba upande wako umenyamaza. Kwa hiyo mchezaji mstaarabu wa Tukuyu mwenye umeme wa kusuasua anaweza kujikuta na rekodi sawa na ya mkorofi, bila kuwa na kosa lolote.

Kuna na hofu nyingine, kwamba kampuni hupanga wapinzani ili ununue vitu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Oktoba 2017 kampuni ya gemu ya Activision ilipewa hataza (haki ya kumiliki ubunifu) nchini Marekani ya mfumo wa kupanga mechi unaoweza kuchochea manunuzi. Kampuni ilisema mfumo huo haujatumika kwenye gemu yoyote. Hataza hiyo si ya gemu za mapigano, na haielezi kwa nini wewe hupati mechi saa 4 asubuhi ukiwa Mafinga.

Dalili ya 1: "Natafuta mechi, duara linazunguka tu"

Anza na vichujio. Gemu nyingi za sasa zinakuruhusu kuchagua ubora wa mtandao wa mpinzani, umbali wake, na kama unakubali wenye Wi-Fi. Mtu akishachoshwa na mechi za kuganda, huweka "mtandao wa kiwango cha juu tu" na "walio karibu tu", kisha anasahau. Ukiwa Seoul au London mpangilio huo haukudhuru. Ukiwa Nyanda za Juu Kusini, umejifungia mlango mwenyewe, kwa sababu walio karibu nawe wenye gemu hiyohiyo, ranki hiyohiyo, saa hiyohiyo, ni wa kuhesabu. Legeza kichujio cha umbali kwanza, ujaribu, kisha cha ubora kwa hatua moja.

Baada ya hapo angalia krosplei, yaani ruhusa ya mwenye PlayStation kukutana na mwenye kompyuta au Xbox. Street Fighter 6 na Tekken 8 zote zinayo na zote zinakuruhusu kuizima. Ikiwa imezimwa, iwashe.

Kisha saa. Ukanda wetu uko saa moja mbele ya Afrika Kusini na saa moja nyuma ya Falme za Kiarabu. Watu wa Johannesburg wakikaa kwenye kochi saa 2 usiku kwao, kwetu ni saa 3. Kucheza ranki kati ya saa 3 na saa 6 usiku ni tofauti kabisa na kucheza mchana wa Jumanne, na tofauti hiyo peke yake imewatibu watu wengi waliodhani wamefungiwa. Jaribu usiku wa Ijumaa au Jumamosi kabla ya kulaumu akaunti.

Kama bado, nenda kwenye menyu ya mtandao ya PlayStation upime muunganisho, usome aina ya NAT, yaani namna ruta inavyowagawia wengi anwani moja ya nje. Aina ya 1 na ya 2 hazina shida. Aina ya 3 maana yake mashine yako haiwezi kupokea mawasiliano ya moja kwa moja kutoka kwa mashine nyingi, na gemu nyingi za mapigano huunganisha wachezaji wawili moja kwa moja badala ya kupitisha mechi kwenye seva. Kwenye Xbox utaambiwa NAT ni wazi, ya wastani au kali. Hiyo kali ndiyo ya kuogopa.

Hapa ndipo watu wanapotapeliwa, kwa hiyo twende taratibu. Fundi atakuambia "nikufungulie poti", yaani milango ya mawasiliano kwenye ruta, na kukutajia bei. Kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tafuta anwani ya IP iliyopewa na mtandao wa nje. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu yenyewe: wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje. Ukiwa hapo, poti utakazofungua kwenye ruta yako hazifiki popote, kwa sababu kuna mlango mwingine mbele yake ambao funguo zake hunazo. Karibu ruta zote za laini za simu ziko hivyo. Dawa ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, ambayo wengine huitoa kwa malipo ya ziada, au kuhamia faiba kama imefika mtaani kwako. Ikiwa anwani hiyo si ya makundi hayo na inalingana na ile unayoonyeshwa na tovuti za kupima IP, basi kuwasha UPnP (mpangilio unaoiacha gemu ijifungulie poti yenyewe) kwenye ruta mara nyingi kunatosha, bila fundi.

Sababu ya mwisho kabisa ni adhabu. Namna ya kuitambua iko mbele kidogo.

Dalili ya 2: "Nampata mtu, lakini anakataa, au mechi inaganda mwanzo mwisho"

Wakikukataa wengi mfululizo, si lazima kuna alama ya siri juu ya jina lako. Kuna alama ya wazi. Tekken 8 na Street Fighter 6 zote zinamwonyesha mpinzani kama unatumia waya au Wi-Fi, na kuna wachezaji wengi walioapa kutocheza na mtu wa Wi-Fi. Waya wa LAN ndio dawa ya bei rahisi kuliko zote kwenye mwongozo huu. Unaweza kufika mita 100 bila kupoteza ubora, kwa hiyo hata ruta ikiwa sebuleni na PS chumbani, waya unatosha. Kumbuka tu kwamba ruta ya laini ya simu iliyounganishwa kwa waya itaonyesha alama ya waya, ilhali nyuma yake bado kuna mnara. Alama itakupatia wapinzani. Haitaondoa tatizo la mnara.

Nyumba za tofali za kuchoma zina kuta nene. Wi-Fi ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini inachoka upesi ikikutana na ukuta. Ya gigahezi 2.4 inapenya zaidi lakini hugombana na kila ruta ya jirani. Kama waya hauwezekani, mashine na ruta vikae chumba kimoja, utumie ya gigahezi 5.

Kwa wanaotumia laini ya simu, milima ina neno. Mawimbi ya 4G yanapenda kuonana na mnara ana kwa ana. Nyumba ya Gangilonga iliyo juu na nyumba ya Ipogolo chini bondeni, zote Iringa, zote na laini ileile, hazipati kitu kilekile. Hamisha ruta dirishani, upande tofauti kila mara, na angalia namba za ubora wa mawimbi kwenye ukurasa wa ruta, si vile vijiti vinne ambavyo hujaa hata mnara ukiwa umezidiwa na watu. Wakati wa masika kuna jambo la kuongeza: mvua haiisumbui sana 4G yenyewe, lakini baadhi ya minara ya milimani inaunganishwa na mingine kwa dishi za mikrowevu, na hizo za masafa ya juu hudhoofika mvua kubwa ikinyesha. Mtandao ukizorota mvua inaponyesha na kurudi ikikatika, umeshajua.

Sasa umbali, ambao hakuna waya utakaouponya. Gemu hizi zinakwenda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Fremu moja ni karibu milisekunde 17. Pingi ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Ya 100 maana yake pigo lako linachukua kama milisekunde 50 kufika, yaani fremu 3. Teknolojia ya rolbaki, iliyopata umaarufu kupitia GGPO ya Tony Cannon tangu 2006, inakisia utakachobonyeza na kurekebisha picha ikikosea, kwa hiyo fremu 3 zinavumilika. Lakini mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Mbeya hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ukichora mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 70 kabla ruta yoyote haijaongeza za kwake, na waya halisi hautembei kwa mstari ulionyooka. Ukipata 180 dhidi ya Mwingereza, hujaadhibiwa. Ni umbali.

Kinachoua mechi kuliko pingi kubwa ni pingi inayorukaruka. Pingi ya 120 iliyotulia inachezeka. Inayotoka 60 kwenda 300 na kurudi haichezeki, maana rolbaki inakosa cha kukisia. Ikirukaruka, angalia kwanza nani mwingine yuko kwenye mtandao nyumbani. Simu moja inayopandisha video inatosha.

Dalili ya 3: "Mechi inakatika katikati, halafu nahesabiwa nimekimbia"

Hii ndiyo njia inayowapeleka watu wa kwetu kwenye adhabu ya kweli, kwa hiyo usiichukulie kama usumbufu mdogo.

Kwa wanaocheza kwa hotspoti ya simu, chanzo cha kwanza ni simu yenyewe kuita. Kwenye simu na laini zisizopitisha sauti juu ya 4G, mtu akikupigia, simu hushuka kwenda 3G au 2G ili ipokee, na data inasimama au inakufa. Hata usipopokea, kule kuita kwa sekunde chache kunatosha: skrini inaganda, mpinzani anasubiri, kisha ujumbe wa kukatika. Mama yako aliyekupigia kutoka Njombe kukusalimia amekupa alama moja ya kukimbia. Tumia simu ya pili au laini nyingine kwa ajili ya hotspoti, namba ambayo watu hawaijui. Ukitaka uhakika kwamba ndicho chanzo, ingia mazoezini mtandaoni, mwombe rafiki akupigie, uangalie.

Chanzo cha pili ni umeme. Ukikatika, hakuna mpangilio wa gemu utakaokusaidia. UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta peke yake haiokoi mechi, kwa kuwa PS na runinga vimezimika. Unahitaji UPS inayobeba vyote vitatu kwa muda wa kumaliza mechi tu. Piga hesabu: mechi ya raundi tatu, kila moja sekunde 99, ni kama dakika 5. Kwa hiyo hutafuti betri ya kukaa saa nzima. Soma wati za runinga na za mashine nyuma yake, jumlisha, mpe muuzaji jumla hiyo na dakika unazotaka. PS5 ikiwa inacheza huweza kuvuta wati 200 na ushei, kwa hiyo UPS ya kompyuta ya ofisini si lazima iiweze.

Kama UPS haiwezekani kwa sasa, acha mechi za ranki siku ambazo umeme umeanza kucheza-cheza. Cheza za kirafiki au fanya mazoezi. Taa ikififia mara mbili jioni hiyo, usiingie ranki.

Vingine: masasisho yanayojipakua chinichini, ambayo ndiyo yanayokula bando, maana mechi yenyewe hutumia data kidogo mno. Zima upakuaji wa kujiendesha kabla hujaanza kucheza. Bando la siku linaloisha saa 6 kamili usiku nalo lina tabia ya kuisha katikati ya raundi.

Ukishajikusanyia alama za kukatika, njia ya kuzipunguza ni kumaliza mechi, nyingi, ushinde au ushindwe. Rekodi ya namna hii kwa kawaida ni uwiano kati ya zilizokatika na zilizochezwa. Mechi za kirafiki zisipohesabiwa kwenye gemu yako, basi ni za ranki, kwa waya, saa ya umeme wa uhakika.

Dalili ya 4: "Akaunti ya kibandani haipati mechi, ya nyumbani inapata"

Hapa tuhuma ya adhabu ina uzito. Akaunti moja ya kibanda inachezwa na watu wengi kwa siku. Kijana amelipia mechi yake, muda umebaki kidogo, anapigwa vibaya, anabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani na kufunga gemu ili aanze nyingine. Mwenye kibanda yuko nje anauza vocha, haoni. Muda wa mteja ukiisha, mwenye kibanda mwenyewe anazima mashine hata kama mechi inaendelea. Kila kitendo kati ya hivyo kinaandikwa kwenye akaunti, na akaunti ni moja.

Swali huwa linakuja hivi: "Kaka, mbona akaunti yako haina watu?" Kaka naye anajibu kwamba kampuni inaibana Tanzania. Hapana. Weka utaratibu wa kuuza kwa mechi badala ya dakika kwenye gemu za mtandaoni, au hesabu muda usimame mechi ikishaanza. Andika ukutani kwamba anayefunga gemu katikati ya mechi amepoteza pesa yake. Tenga akaunti ya mtandaoni kwa wanaoijua, na wengine wacheze wawili kwa wawili kwenye skrini moja, ambako hakuna seva inayohesabu.

Kipimo cha kutenganisha akaunti na mtandao ni hiki, na kinafaa hata nyumbani. Kwenye mashine ileile, waya uleule, saa ileile, ingia kwa akaunti ya mtu mwingine anayecheza kwa kawaida na aliyekubali, tafuta mechi za kirafiki kwa vichujio vilevile. Tumia za kirafiki kwa sababu ranki mbili tofauti hazina idadi sawa ya wapinzani na zitakudanganya. Kisha fanya kinyume: akaunti yako, nyumba nyingine, mtandao mwingine. Akaunti ya mwenzako ikipata mechi kwako, na yako isipate popote ulipoipeleka, tatizo liko kwenye akaunti. Akaunti zote mbili zikikwama kwako na kupona kwa jirani, tatizo liko kwenye nyumba yako. Rudia siku tofauti kabla hujaamua.

Angalia pia kama malipo ya PlayStation Plus yameisha. Gemu za kulipia nyingi hazikuingizi mtandaoni bila hayo, na akaunti ya pili kwenye mashine iliyowekwa kushirikiana hutegemea malipo ya akaunti ya kwanza.

Dalili ya 5: "Wapinzani wamekuwa wakali ghafla"

Hii karibu kamwe si adhabu. Gemu nyingi hubeba namba mbili: ranki unayoiona, na kipimo cha ndani cha uwezo wako. Ukishinda mfululizo, kipimo cha ndani hupanda haraka kuliko ranki, na unaanza kupewa watu wa juu. Misingi yake ni ya zamani. Arpad Elo aliitengeneza kwa ajili ya chesi, na shirikisho la chesi la dunia likaichukua mwaka 1970. Mark Glickman akaja na Glicko, ambayo huongeza wasiwasi kuhusu uwezo wako kadiri unavyokaa bila kucheza. Ukirudi kwenye mfumo wa namna hiyo baada ya miezi ya shule au kazi ya shamba, utakurusha juu na chini kwa mechi za mwanzo mpaka utulie.

Sababu nyingine ni uchache wa watu. Saa ambayo kuna wachezaji kumi tu wanaofikika, mfumo hauna wa kukuchagulia. Na kama umebadilisha mhusika, soma kanuni ya gemu yako: Street Fighter 6 humpa kila mhusika ranki yake, kwa hiyo unayekutana naye chini huko huenda ni bingwa anayejifunza mhusika mpya.

Dalili ya 6: "Kuna ujumbe kabisa kwamba nimezuiwa"

Basi umezuiwa. Piga picha ya skrini, hasa namba ya kosa na muda uliotajwa. Subiri muda uishe bila kujaribu kuingia kila dakika. Usifungue akaunti ya pili ili kukwepa, kwa sababu baadhi ya kampuni huhesabu hilo kama kosa jipya, na unaweza kupoteza zote mbili.

Acha hapa, tafuta mwenye taaluma

Soketi ikinukia moto, ikitoa cheche, au UPS ikiwa ya moto mkononi na kuvimba, zima swichi kuu na usiiguse tena. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kibanda chenye runinga nne na PS nne kwenye ekstensheni moja ni hatari kwa watoto waliokaa mbele yake. Mgawanyo wa nyaya ni kazi ya fundi, si ya mwenye kibanda.

Radi ikianza, chomoa mashine, runinga na waya wa antena au LAN unaotoka nje. Usipande kwenye bati kurekebisha antena wakati wa mvua, hata kidogo. Antena ya nje ifungwe na anayejua kuweka waya wa ardhini.

Mtandao ukikatika kila siku saa zilezile na umeshapima kwa waya na kwa mashine zaidi ya moja, acha kugusa ruta. Peleka malalamiko kwa mtoa huduma kwa maandishi, ukitaja tarehe, saa na vipimo. Asipokutatulia, TCRA hupokea malalamiko ya wateja, lakini watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma.

Anayekuambia ana mtu ndani ya kampuni wa kuondoa adhabu kwa malipo ni tapeli. Akikuomba nenosiri au namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, ukampa, akaunti si yako tena. Kama ulishampa, badilisha nenosiri sasa hivi, washa uthibitisho wa hatua mbili, na utoe mashine zote zilizoingia.

Kwa adhabu yenyewe, anayeweza kuigusa ni dawati la msaada la mtengenezaji wa gemu. Waandikie kwa Kiingereza kifupi: jina la akaunti, mashine, tarehe na saa za mechi zilizokatika ukitaja kwamba ni saa za Afrika Mashariki, sababu halisi kama umeme, picha za skrini, na matokeo ya kipimo cha akaunti mbili. Wasipobadilisha chochote, angalau uliza kama kuna alama kwenye akaunti na inaisha lini, kisha hifadhi jibu lao pamoja na zile picha.